Maua ya Njiani, Kutoka Mbulu Hadi Miguuni pa Mlima Hanang

Wengi waliopita Katesh kwa basi la Singida wanaukumbuka Mlima Hanang kwa sababu hauna jirani. Umesimama peke yake katikati ya nchi tambarare, mita 3,417 juu ya usawa wa bahari, na abiria wote hugeuza shingo upande mmoja kuutazama. Wakishautazama hulala tena. Basi linakwenda, na kando ya lami, katika ule ukanda mwembamba ambao jembe halikuufikia, maua ya kila rangi yanapita dirishani bila kuonwa na mtu.

Mama mwenzetu, safari ijayo shuka. Hata kama ni kwa siku moja tu, shuka utembee kwa miguu.

Sisi ni kikundi cha akina mama wa usharika, wengi wetu tumevuka miaka arobaini, na baadhi yetu ni wauguzi. Kila mwaka mvua zinapokaribia kwisha tunakwenda kutembelea wagonjwa na wajane katika vijiji vya wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Kwa kuwa nyumba nyingi haziko kando ya barabara ya gari, tulijikuta tunatembea saa mbili, tatu, kwenye njia za ng'ombe. Mwanzoni tulitembea kama watu wenye haraka. Siku hizi tunaondoka asubuhi na mapema ili tupate nafasi ya kusimama.

Katika nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, watu husubiri kiangazi ndipo maua ya kondeni yachanue. Kwetu kiangazi ni vumbi na kutafuta maji. Maua yetu ni ya masika. Kwenye nyanda hizi za juu kuna msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Mei, na maua hupendeza zaidi kuanzia Februari hadi mwanzo wa Juni. Baada ya hapo baridi inaingia, na baridi ya Mbulu mwezi wa Juni si ya kuchezea. Kwa mama mwenye watoto shuleni, likizo fupi ya wakati wa Pasaka ndiyo inayofaa kuliko zote.

Tuanzie Mbulu. Ukitokea Karatu, barabara inapanda na kushuka vilima vyenye udongo mwekundu, na kila kilima kina nyumba, zizi, mahindi, maharage, na huku na huko vitunguu saumu ambavyo vimeipa Mbulu jina. Ni nchi iliyolimwa tangu zamani. Wairaqw wa Kainam na vilima vya jirani wanajulikana kwa namna walivyotunza ardhi yenye mteremko mkali kwa vizazi vingi: matuta, samadi, na nyasi zilizoachwa makusudi kati ya shamba na shamba ili maji yasiondoke na udongo. Kwenye nyasi hizo zilizoachwa ndiko maua yaliko. Ukitafuta ua la kondeni Mbulu, usitazame mbali. Tazama mpaka wa shamba la mtu.

Hapo utaona ua la rangi ya chungwa lililopangwa kwenye shina kama mipira midogo, mmoja juu ya mwingine, kila mpira una miiba na kutoka kwake vimirija vinachomoza. Watoto hunyonya vimirija hivyo kwa ajili ya utamu wake, na ndege chozi naye hufanya hivyo hivyo kwa mdomo wake uliopinda. Utaona maua ya njano yanayofanana na alizeti ndogo. Hayo ni ndugu wa kishona nguo, ile tunayoichukia kwa sababu ya vimbegu vyake vinavyong'ang'ania sketi. Utaona marejea, njano pia, yenye maganda ambayo yakikauka hulia ukiyatikisa kama njuga za mtoto. Marejea ni jamii ya maharage, na mizizi yake huurudishia udongo rutuba; ndiyo maana wakulima wengi nchini huipanda makusudi kisha wakaifukia. Na juu ya ua wa miti ya zizi utaona maua ya zambarau yenye umbo la tarumbeta, yanayofunguka alfajiri na kusinyaa jua linapokuwa kali. Ukidhani ni maua ya viazi vitamu hujakosea sana, kwa kuwa ni ukoo mmoja.

Ukielekea upande wa Msitu wa Nou, penye kivuli, mvua za kwanza huleta ua ambalo kwa maoni yetu hakuna bustani ya mjini inayoweza kulipita: mpira mwekundu mkubwa kama ngumi mbili, uliofanywa kwa nyuzi nyingi, unaotoka ardhini kabla ya jani lolote. Juzi hapakuwa na kitu, leo upo. Mmoja wetu alilizunguka mara tatu akisema limepandwa na mtu.

Majina ya maua haya kwa Kiswahili mara nyingi hayapo, au yapo pwani na huku hayajulikani. Lakini kwa Kiiraqw na Kidatoga yapo, na yanajulikana na bibi zetu. Hili ndilo lililotufanya tuandike. Katika nyumba moja tuliyotembelea, bibi wa miaka zaidi ya themanini aliyekuwa ameketi juani tulimletea fungu la maua tuliyochuma njiani. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akalichukua lile fungu na kulipekua kama mtu anayepekua mchicha. Lile alilitaja jina na kuliweka kulia. Lile akalitaja na kuliweka kulia. Moja akalishika kwa ncha za vidole, akamwambia mkwe wake alitupe mbali na kuku, kisha aende akanawe mikono. Mjukuu wake wa darasa la sita alikuwa pale, na hakujua jina hata la moja, wala lile la kutupwa.

Ua lile la kutupwa tunalijua sisi tulio wauguzi, na kila mama afaa alijue. Ni zuri kupita kiasi. Petali zake ni nyekundu zenye kingo za njano, zimejikunja kwenda juu kama ndimi za moto, na mmea wake hupanda kwenye vichaka ukijishikiza kwa ncha za majani yake. Wataalamu wanaliita Gloriosa superba. Mmea wote una sumu iitwayo kolichisini, na iliyo nyingi iko kwenye kiazi chake chini ya ardhi, ambacho mtoto mwenye njaa anaweza kukidhania kiazi cha kuliwa. Baada ya saa chache huanza kuungua kooni, kutapika na kuharisha sana, hata mtu akadhani ni kipindupindu. Kisha inaweza kuonekana kama amepata nafuu, kumbe sumu inaendelea kuharibu damu na viungo vya ndani. Usimtapishe mtoto wala usimpe dawa ya kienyeji. Mpeleke hospitali mara moja, na uchukue kipande cha mmea aliokula. Hicho kipande kitamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Mwingine ni mnanaha, wenye tarumbeta ndefu nyeupe au ya zambarau iliyofifia na tunda la miiba. Huota hasa karibu na mazizi kwa kuwa unapenda samadi, maana yake ni karibu na pale watoto wanapocheza. Mtoto aliyekula mbegu zake hukaukiwa mdomo, ngozi huwa ya moto, mboni za macho hupanuka, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka na kushika vitu visivyokuwepo. Tumewahi kumpokea mtoto wa namna hiyo ambaye alikuwa amepitishwa kwanza kwa mganga, watu wakisema amerogwa. Alikuwa amekula mbegu.

Na kwa kuwa tumefika kwenye maonyo, tumalize na gugu karoti. Lina maua madogo meupe na majani kama ya karoti, na limekuwa likisambaa kaskazini mwa nchi tangu lilipogunduliwa Arusha mwaka 2010. Wengine hulichanganya kwenye mashada ya arusi kwa sababu linajaza vizuri. Tafadhali tuliache. Huwasha ngozi, huamsha pumu, na ng'ombe akilila maziwa yake huwa machungu.

Mengine yote, mama, watoto na wayaguse, wayanuse, wayaulizie. Jina walilolijua bibi zetu likipotea, na onyo lililofungwa ndani yake hupotea. Wala si lazima liwe somo. Inatosha bibi aulizwe.

Kutoka Mbulu mjini tunashuka kwa kupitia Dongobesh kwenda Haydom, penye hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955 na inayotibu watu wanaotoka mbali sana. Kwa akina mama wengi wa eneo hili, barabara hii ni ya kwenda kujifungua au kumpeleka mtoto mgonjwa. Nani atatazama maua akiwa na uchungu wa uzazi? Lakini tulisindikiza mama mmoja aliyekuwa anarudi nyumbani na mtoto wake wa siku tano, naye ndiye aliyetuomba tusimamishe gari. Alitaka kukaa chini kando ya njia, kwenye maua, dakika chache tu, kabla hajaingia katika nyumba yenye watoto wengine wanne na ndoo za maji. Tulikaa naye. Dereva alinung'unika kidogo kisha akanyamaza.

Baada ya Haydom, njia inayokwenda Basotu inaingia kwenye nchi nyingine kabisa. Vilima vinakwisha. Udongo unakuwa mweusi, ule wa kunata unaovuta viatu wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua. Hapa ndipo lilipo ua tunalolipenda kuliko yote, ingawa ni jeupe tu. Huota chini kabisa katikati ya nyasi, pana, laini, lenye petali tano nyembamba kama karatasi, na yakiwa mengi utadhani akina mama walipita na kuangusha leso zao njia nzima. Sisi tunaliita leso. Jina lake la kitaalamu ni Cycnium tubulosum. Lina tabia moja ya ajabu: halijitegemei lenyewe. Mizizi yake hujiunga na mizizi ya nyasi na kuchukua humo sehemu ya chakula chake. Kwa hiyo huwezi kulihamishia kwenye chungu barazani. Nyasi zikiondoka, nalo limeondoka.

Na nyasi hapa ziliondoka sana. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika la umma la kilimo, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lililima tambarare hizi ngano kwa matrekta makubwa. Mashamba yalikuwa saba, karibu ekari 100,000 kwa jumla: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Taifa lilihitaji mkate, na mkate ulipatikana, hilo tusilifiche. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho bora ya Wabarabaig, na ndani yake yalikuwemo makaburi ya wazee wao wanaoheshimiwa. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1989 waliandika barua ya wazi kwa wananchi wa Kanada. Baadaye shirika likavunjwa, mashamba mengine yakarudishwa kwa wanavijiji na mengine yakachukuliwa na wawekezaji.

Wataalamu wale wa Kanada walitoka kwenye nchi inayofanana sana na hii. Huko katika majimbo kama Saskatchewan kulikuwa na tambarare za nyasi na maua zisizo na mwisho, zikageuzwa karibu zote kuwa mashamba ya ngano. Leo watu wa huko huenda na watoto wao mwezi wa Juni na Julai kutembea katika vipande vichache vilivyosalia, kuyatazama maua. Jimbo la Saskatchewan lilichagua yungiyungi jekundu la kondeni kuwa alama yake mwaka 1941, na leo ni marufuku kwa sheria kulichuma. Yaani walilima kwanza, kisha wakaanza kulinda yaliyobaki.

Mama mmoja wa Kibarabaig, mwenye umri kama wetu, alitembea nasi kipande cha njia upande wa Basotu. Alikuwa amevaa kitenge cha kawaida, lakini alisema mama yake alivaa sketi ya ngozi yenye shanga hadi alipofariki, na kwamba akiwa msichana alichunga ndama mahali tulipokuwa tunakanyaga. Tulimwuliza kama maua ya leso yalikuwa mengi wakati huo. Akacheka. Akasema hakuna aliyeyahesabu, ndama waliyakanyaga. Kisha akanyosha mkono kuonyesha kutoka barabarani hadi kule kwenye upeo wa macho, na kuurudisha hadi kwenye ule ukanda wa nyasi kati ya barabara na ngano, ambao haukupita hatua sita. Hakusema kitu zaidi, na sisi hatukujua la kumjibu. Tuliendelea kutembea katika zile hatua sita.

Tunaambiwa katika Injili tuyatafakari maua ya kondeni, yanavyomea. Mara nyingi sisi wahubiri wa vikundi vya akina mama tunaruka upesi kwenda kwenye maneno yanayofuata kuhusu chakula na mavazi. Lakini agizo la kwanza ni kutazama, na mtu hawezi kutazama ua la kondeni bila konde.

Kutoka Basotu hadi Katesh mlima unakuja karibu zaidi kila saa. Upande mmoja kuna Ziwa Balangida, ambalo wakati wa ukame hukauka likabaki jeupe kwa magadi na chumvi, na wanawake huenda kukusanya chumvi hiyo. Mlima wenyewe ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ukitaka kupanda, taratibu zinafanyika Katesh, unapewa mwongozaji, na huruhusiwi kuchuma kitu. Sisi hatukufika kileleni, na hatuoni aibu kusema kwamba magoti yetu yalikataa. Lakini juu ya msitu, mahali nyasi na miamba vinapoanza, tulikuta yale maua meupe na ya njano ambayo ukiyagusa yanalia kama karatasi kavu ingawa bado yako hai. Wasichana wawili tuliokuwa nao, binti za wenzetu, walikwenda mbele zaidi na kurudi wakisema huko juu ni mengi. Tunawaamini.

Huwezi kuandika habari za njia za Hanang bila kutaja Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023. Baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliyokuwa imeloa ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh, Jorodom na Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wataalamu walieleza kwamba miamba ya sehemu ile ilikuwa laini na imenyonya maji mengi. Kwa hiyo tusiseme kwa urahisi kwamba ni kosa la fulani aliyekata kuni. Waliobaki walihifadhiwa shuleni, na baadaye zikajengwa nyumba mpya kwa ajili yao upande wa Waret.

Tulipopita kwenye njia ya tope hilo, mvua zilikuwa zimekwisha kunyesha juu yake. Mawe yalikuwa bado yamelala vile vile, mengine makubwa kuliko nyumba za watu. Katikati yake palikuwa pameota kishona nguo, mnanaha, na marejea chache za njano. Hayo ndiyo yanayotangulia kila mahali palipochimbuliwa. Nyasi zilikuwa bado, na leso hakuna hata moja. Mama mmoja aliyempoteza dada yake pale alikuja nasi. Alituonyesha mahali jiko la dada yake lilipokuwa. Kisha, kwa sauti ile ile, akatuuliza kama kule Mbulu mbegu za marejea zinapatikana, maana udongo wa kuzunguka nyumba yake mpya umekaa wazi na upepo unauchukua.

Ukitaka kwenda, kuna mabasi kutoka Arusha hadi Babati na Katesh kwa barabara ya lami. Mbulu unafika kwa kupitia Karatu, au kutoka Babati kwa kupitia Dareda. Chukua sweta hata kama Arusha kuna joto, viatu vilivyofunikwa, kofia, na maji ya kutosha. Tembea asubuhi, kwa sababu maua mengi hufunga mchana. Wataalamu wa afya wanashauri mtu mzima atembee kwa mwendo wa haraka kiasi angalau dakika 150 kwa wiki, na kwa sisi ambao shinikizo la damu limeanza kubisha hodi, hiyo ni sababu nzuri ya kumweleza baba watoto iwapo atauliza mnakwenda kutazama nini. Mwende wengi, mwage mnakokwenda, na mkikuta wenyeji shambani msalimie kabla ya kuingia kwenye mpaka wao.

Sisi tunarudi mwezi wa nne ujao. Mbegu za marejea, kilo moja, tumekwisha zipata kwa mkulima wa Daudi, nazo zimefungwa kwenye kitambaa ndani ya kabati la mmoja wetu, mbali na panya.